"Atatoa" au "anaweza kutoa": neno linaloamua kibali cha bastola Marekani

Chukua sentensi mbili za sheria. "Ofisa atatoa kibali." "Ofisa anaweza kutoa kibali." Msomaji wa haraka ataona ni yale yale. Mwanasheria haoni hivyo. Sentensi ya kwanza inamfunga ofisa mikono: ukitimiza masharti, hana ujanja, anatoa. Ya pili inamwachia nafasi: masharti umetimiza, sawa, lakini bado anakutazama usoni na kukuuliza, "Bastola ya nini?"

Wamiliki wa silaha Marekani wamebishana juu ya tofauti hiyo kwa zaidi ya miaka mia moja. Muswada mpya ukiingia katika bunge la jimbo, waliozoea mambo haya hawaanzi na hotuba za wanasiasa. Wanafungua maandishi na kutafuta kitenzi.

Kwanza tutenganishe kumiliki na kubeba. Katika majimbo mengi ya huko mtu hahitaji leseni kuweka bunduki nyumbani. Akinunua dukani, muuzaji anaulizia rekodi yake ya uhalifu, basi. Illinois ni kati ya machache yasiyokwenda hivyo: tangu 1968 mkazi lazima awe na kadi ya mmiliki wa silaha, na asipokuwa nayo hata boksi la risasi hatakiwi kuwa nalo. Lakini ugomvi wa vitenzi uko zaidi kwenye kubeba: kutoka nyumbani na bastola kiunoni, chini ya shati, kwenda kazini au sokoni.

New York ndiyo mfano mkubwa wa upande wa "anaweza". Sheria yake ya silaha ilianza 1911, na kwa miaka mingi aliyetaka kubeba kwa ajili ya kujilinda alitakiwa kuonyesha sababu ya kutosha. Mahakama za jimbo zikalifafanua sharti hilo kwa ukali: uonyeshe kwamba hatari inayokukabili ni yako wewe, si ile ya watu wote wa mtaani kwako. Kukaa mtaa wenye vibaka hakukutosha. Wanaume wawili wa kaunti ya Rensselaer waligonga ukuta huo. Mmoja alieleza kuwa karibu na kwake kumetokea mfululizo wa uporaji, tena ameshasoma kozi ya ziada ya usalama wa silaha. Jibu likawa kwamba abaki na kibali chake cha kuwinda na kulenga shabaha. Mahali penye watu asibebe. Mwenzake aliruhusiwa kubeba akienda na kurudi kazini tu. Aliyeamua alikuwa hakimu, kwa kupima mwenyewe.

Wanaotetea mfumo huo wana hoja isiyo nyepesi: mji wenye mamilioni ya watu waliobanana kwenye treni za chini ya ardhi si sawa na shamba la Wyoming, na ofisa wa hapo anawajua watu wake. Tatizo ni huko kujua watu. Januari 1956 nyumba ya Martin Luther King Jr. ililipuliwa kwa bomu mjini Montgomery, Alabama. Aliomba kibali cha kubeba silaha, akanyimwa. Kama bomu barazani si sababu ya kutosha, sijui sababu gani ingemridhisha ofisa yule, na nadhani kila msomaji anajua kilichopimwa pale hakikuwa sababu.

Upande wa "atatoa" ulipata nguvu Florida ilipobadili sheria yake 1987, na majimbo mengine yakafuata moja baada ya jingine. Kufikia 2022 yaliyobaki na "anaweza" yalikuwa machache: New York, California, New Jersey, Maryland, Massachusetts na Hawaii, pamoja na mji mkuu, Washington. Tarehe 23 Juni 2022, Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua kesi ya wale wawili wa Rensselaer. Kwa kura 6 dhidi ya 3 ilisema haki ya kubeba silaha katika Marekebisho ya Pili ya Katiba haiishii mlangoni pa nyumba, na mwananchi hawezi kudaiwa sababu ya pekee ndipo aitumie. Lakini leseni yenyewe haikufutwa. Jimbo bado linaweza kuchukua alama za vidole, kuchunguza rekodi na kudai mafunzo.

Kwa hiyo ugomvi ulihama kutoka kwenye kitenzi ukaenda kwenye masharti. Wiki moja tu baada ya hukumu, New York ilipitisha sheria mpya: saa 16 za darasani na 2 za kupiga risasi uwanjani, na orodha ndefu ya mahali pasiporuhusiwa silaha hata ukiwa na kibali, Times Square ikiwamo. Illinois, ambayo sheria yake ya 2013 ni ya aina ya "atatoa", inadai saa 16 za mafunzo na ada ya dola 150 kwa miaka 5. Mwenye mshahara mdogo ataisoma "atatoa" hiyo kwa jicho lake. Ndiyo maana mfuatiliaji mzuri wa miswada, akishaona kitenzi, anashuka chini kutafuta saa, ada na siku za kusubiri. Anatafuta pia neno "akiridhika". "Ofisa atatoa kibali akiridhika kwamba..." inaweza kuwa "anaweza" iliyovaa koti.

Msomaji wa Kenya haoni ugeni hapo. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inamtaka mwombaji awe na sababu nzuri ya kutaka silaha, na ofisa aridhike nayo. Tofauti ni kwamba Kenya hakuna ibara ya katiba inayomwambia mwombaji kuwa silaha ni haki yake, hivyo lile swali la "ya nini?" halimshangazi mtu.

Kuna na kundi la tatu, ambalo kitenzi chake hakipo kabisa: majimbo yasiyodai kibali. Vermont haijawahi kukidai. Alaska ilijiunga 2003, Texas 2021, Florida 2023, na kufikia 2024 yalikuwa 29. Wanaounga mkono wanauita ubebaji wa kikatiba. Ajabu ni kwamba mengi ya majimbo haya bado yanatoa kibali kwa anayekitaka, na watu wanakiomba, kwa sababu ya safari.

Leseni ya udereva ya jimbo moja inakubalika nchi nzima. Ya bastola sivyo. Kila jimbo linachagua litambue leseni ya nani, na New Jersey haitambui ya jimbo lingine lolote. Mwaka 2013 mama mmoja wa Philadelphia, mwenye kibali halali cha Pennsylvania, alisimamishwa na polisi barabarani upande wa New Jersey. Alimwambia polisi mwenyewe, kwa adabu, kwamba ana bastola. Alikamatwa na kushtakiwa kwa kosa lenye kifungo cha lazima kisichopungua miaka 3. Hatimaye gavana wa New Jersey wakati huo, Chris Christie, alimsamehe, Aprili 2015.