Tetesi yako, kazi yetu

Mtu wa kwanza kujua kwamba mtaa umeingiliwa na ugonjwa mara nyingi ni jirani aliyesikia watu wakipishana chooni usiku kucha. Sisi wa idara ya afya hupata habari mgonjwa akishafikishwa kituoni, na kwa kipindupindu hapo tumeshachelewa. Anayeharisha choo kama maji ya mchele anaweza kufariki ndani ya saa chache asiporudishiwa maji na chumvi mwilini, na kinyesi chake kikifika kisimani, wengine watafuata.

Taarifa ya jirani huyo, katika kazi yetu, inaitwa tetesi. Huhitaji kujua jina la ugonjwa. Wawili wa nyumba moja wameharisha ghafla, kuku wamekufa kwa mpigo, mtu amefariki kwa homa huku akitoka damu: mwambie mhudumu wa afya ngazi ya jamii au mwenyekiti wa mtaa, au, hapa Tanzania, piga 199, ni bure. Kuthibitisha tuachie sisi. Kule Bukoba Vijijini mwaka 2023, kabla maabara haijataja virusi vya Marburg, vinavyoleta homa kali ya kutoka damu, waliokuwa wakiuguza na kuzika walishajua kuna jambo. Mlipuko ulitangazwa 21 Machi, ukatangazwa kwisha 2 Juni. Waliougua 9, waliofariki 6.

Watu hukaa kimya, na wana sababu. Mama lishe anaogopa kufungiwa biashara. Familia inaogopa kunyimwa maiti yake. Afisa anayekuja na kipaza sauti kuwaita wananchi wachafu, tetesi ya pili haipati.

Nami nina langu la kukiri. Wakati fulani wa kipindupindu tulipanga ndoo za bomba za kunawia kwenye milango ya soko, tukapiga picha, tukaondoka. Siku ya tatu nilizikuta kavu, moja imewekewa nyanya. Hatukuwa tumemuuliza mtu nani atajaza, na maji pale yalinunuliwa kwa dumu kutoka kwenye mkokoteni. Tukarudi, tukakaa na mama lishe kwenye mabenchi yao. Zamu za kujaza walizipanga wenyewe. Kwetu waliomba mawili: dawa ya kutibu maji ifike kila Jumatatu, na majibu ya vipimo vya kisima chao waambiwe. Dawa ilifika. Majibu waliyafuata ofisini, wanne, bado wamevaa aproni.