Kujuana Mtandaoni: Tunavyodhani na Yalivyo

Binti mmoja wa Wete, mhitimu wa uhasibu, aliniambia maneno ambayo nimeyasikia kwa vijana wengi: "Dada, Unguja kazi ni kwa kujuana, na mimi simjui mtu." Tulikuwa bandarini Mkoani tunasubiri boti. Simu yake ilikuwa na makundi manne ya WhatsApp: wenzake wa skuli, wenzake wa chuo, wahasibu vijana, na watu wa mtaani kwao. Tukahesabu pamoja. Hata tulipowaondoa waliojirudia, walibaki watu zaidi ya mia tano. Humo mote hakuwahi kuandika chochote isipokuwa "Inna lillahi" na "Hongera".

Mimi ni mmoja wa wanaosimamia kundi la wahitimu wa skuli yetu, na ni mwanachama wa chama cha taaluma yangu. Dhana ninazozieleza hapa nimezikuta humo, na nyengine nilikuwa nazo mwenyewe.

"Kazi ni kwa kujuana tu"

Neno kujuana kwetu limebeba mambo mawili, nasi tunayachanganya. La kwanza ni upendeleo: mtu anapewa nafasi asiyoistahiki kwa sababu ni mtoto wa fulani. Hiyo ni dhulma, ipo, na inawauma wanaosoma kwa shida. La pili ni kupashana habari. Anayekuambia kwamba hoteli fulani ya Nungwi inatafuta mtu wa hesabu za stoo hajakupa kazi. Amekupa habari, na usaili utaufanya mwenyewe, mbele ya watu wasiokujua.

Visiwani hili tumeishi nalo tangu zamani. Pale Jaws Corner, Mji Mkongwe, mtu hukaa na kikombe chake cha kahawa, na kabla hajakimaliza ameshajua nani anajenga, nani anasafiri, na wapi wanatafuta fundi. Lakini tuseme ukweli: barza ya kahawa ilikuwa ya wanaume, tena wanaume wa mtaa huo. Binti wa Wete hakuwa na pa kukaa pale. Kama ndugu yake hakumletea habari nyumbani, haikumfika. Leo kundi la wahitimu linamfikia akiwa jikoni kwao, kwa bando la siku moja, saa ile ile inapomfikia mwanamme wa Michenzani. Ndiyo maana ninaumia ninapoona wasichana wamo kwenye makundi haya na wamenyamaza.

"Wa kunisaidia ni ndugu na rafiki wa karibu"

Hii ndiyo inayotupoteza zaidi, kwa sababu inaonekana ni busara. Nani akusaidie kama si wako?

Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha utafiti uliogeuza fikra hiyo. Aliwauliza wafanyakazi wa mji wa Newton, karibu na Boston, waliopata kazi kupitia mtu, walikuwa wakionana na mtu huyo mara ngapi. Walioonana naye mara kwa mara hawakufika asilimia 17. Zaidi ya asilimia 55 walikuwa wakikutana naye mara mojamoja, zaidi ya mara moja kwa mwaka lakini chini ya mara mbili kwa wiki, na karibu asilimia 28 walikuwa hawaonani naye kabisa au mara moja tu kwa mwaka.

Sababu yake ni nyepesi kuielewa. Kaka yako, shoga yako na jirani yako wanajua yale yale unayoyajua, kwa kuwa mnakaa pamoja na kusikia habari moja. Mtu mliyesoma naye darasa la nane, ambaye sasa yuko Maskati au kwenye kampuni ya meli Dar es Salaam, anasikia mambo ambayo kwenu hayafiki. Mwaka 2022 watafiti walichapisha katika jarida la Science uchunguzi wa watu milioni 20 wanaotumia LinkedIn, mtandao wa kujuana kikazi, uliochukua miaka mitano, na wakakuta jambo hilo hilo kwa marekebisho kidogo: wanaofaa zaidi ni wale wa katikati, ambao si wa karibu sana wala si wageni kabisa.

Newton si Chake Chake, na mazingira yetu yana yake. Lakini hebu itazame orodha ya kundi la wahitimu wa skuli yako. Watu wa katikati ndio waliojaa humo: unalikumbuka jina, unamkumbuka mwalimu mliyemwogopa pamoja, na tangu siku ya matokeo hamjasemezana.

"Kumwandikia mtu ni kuombaomba"

Hapa nitakaa kidogo, kwani aibu hii ni ya kweli na ina asili nzuri. Tumelelewa kusitiri shida zetu. Kinachofanya iwe kuomba, lakini, ni namna tunavyoandika.

Ujumbe ambao binti yule alitaka kuutuma kwenye kundi ulikuwa hivi: "Assalamu alaykum. Naomba msaada wa kazi yoyote, nina shahada. Atakayenisaidia Mungu atamlipa." Nimeona jumbe za namna hii nyingi. Hujibiwa "Amin" tatu nne, kisha mtu anatuma tangazo la harusi na mambo yamekwisha. Watu hawana roho mbaya. Ila "kazi yoyote" haimkumbushi msomaji chochote, na anayeombwa kazi hali yeye hana ya kutoa huona bora anyamaze.

Tukaandika upya, kwa mtu mmoja, kwa faragha:

"Assalamu alaykum kaka. Mimi nimesoma skuli yetu, nimemaliza miaka minne nyuma yako, kisha nikasomea uhasibu. Nimeona upo kitengo cha fedha hotelini. Naomba dakika kumi tu unieleze hesabu za hoteli zinatumia programu gani, na nijifunze nini kabla sijaanza kuomba. Nikikupigia Jumamosi baada ya alasiri itakufaa?"

Ombi hili mtu anaweza kulijibu hata kama ofisini kwake hakuna nafasi. Linamheshimu, linamuuliza anachokijua, na lina siku na saa. Kaka yule alijibu usiku ule ule. Hakuwa na kazi ya kumpa. Alimweleza kwamba hoteli nyingi zina shida ya mtu wa kulinganisha kilichonunuliwa na kilichotumika jikoni, akamtajia cha kujifunza, akamwambia amrudie akishajifunza. Na kurudi ndiko wengi tunakokusahau: mtu akikuelekeza, mpe jibu ulifika wapi, hata kama hukufanikiwa.

"LinkedIn ni ya wakubwa"

Haikuwahi kuwa hivyo. Mtandao huo umefunguliwa kwa watu tangu Mei 2003, na kujiandikisha hakuna malipo. Sehemu ya kulipia ni hiari na anayeanza haihitaji. Mhitimu wa mwaka huu anaweza kuandika mafunzo kwa vitendo aliyofanya, lugha anazozizungumza, na kazi aliyojitolea. Ila weka namba inayopatikana. Mimi niliwahi kukosa usaili kwa sababu wasifu wangu ulikuwa na namba ya laini niliyoiacha zamani, na barua pepe nilikuwa siifungui. Niliuona ujumbe wiki tatu baadaye. Mpaka leo nikiikumbuka siku ile kifua kinanibana.

"Nikiwa mwanachama, tayari nina leseni"

Chama cha wanataaluma ni watu waliojikusanya kusaidiana na kuendeleza fani yao. Kusajiliwa kufanya kazi ni jambo jengine, la chombo kilichowekwa na sheria. Muuguzi wa Unguja anahitaji kulijua hili hasa: afya si jambo la Muungano, kwa hiyo Zanzibar ina Baraza lake la Wauguzi na Wakunga na Tanzania Bara ina lake. Akitaka kufanya kazi Dar es Salaam aulize mapema usajili wa huko. Na wa kumuuliza ni mwenzake wa chama aliyekwisha kuvuka, atakayemwambia ni karatasi zipi zilizomchelewesha.

"Tangazo limetumwa kwenye kundi letu, basi ni la kweli"

Aliyelituma mara nyingi ni mtu mwema aliyelipokea kwingine na kulisukuma mbele bila kulisoma. Matangazo ya kazi za Ghuba yanayotaka utangulize pesa ya "fomu" au "viza" yanapita humu kila mwezi, na yanawapata zaidi wenye haja. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unasema wakala wa ajira asimtoze mfanyakazi ada, moja kwa moja wala kwa mlango wa nyuma, isipokuwa kwa aina chache maalumu ambazo nchi imeziruhusu. Nafasi za serikali ya Zanzibar nazo zina Tume ya Utumishi Serikalini; ukiletewa tangazo la serikali, huko ndiko pa kulithibitisha kabla hujatoa hata shilingi.

Katika kundi letu tumekubaliana jambo moja. Likiingia tangazo lisilo na jina la mwajiri wala mahali lilikotoka, mmoja wetu anauliza: "Ndugu, umelipata wapi?" Lisipopata jibu hadi magharibi, tunalifuta. Wiki iliyopita liliingia moja la Doha, lina picha ya ndege na namba ya kupelekea pesa. Nilipofungua simu niulize, nikakuta yule binti wa Wete ameshauliza.