Kupatwa kwa jua hakukingi uvutano wa jua

Wapo wanaoamini kwamba mwezi ukipita mbele ya jua huukinga uvutano wa jua kama unavyokinga mwanga wake. Haukingi. Uvutano hupenya kila kitu, na huo wa mwezi hujumlishwa na wa jua kwa sababu vyote viwili viko upande mmoja.

Basi siku hiyo tunakuwa wepesi? Kidogo mno. Vikiwa utosini, jua na mwezi hupunguza uvutano wa dunia tunaousikia kwa takribani mikrogali 160, na mikrogali 1, kipimo cha uvutano, ni kama sehemu moja ya bilioni ya uvutano wa dunia. Mtu wa kilo 70 anapungukiwa miligramu 11 hivi. Tena kiasi kinachokaribia hicho hutokea kila mwezi unapoandama, jua lipatwe lisipatwe. Ndiyo nguvu inayoleta bamvua, yaani maji makuu ya bahari.

Dhana ngumu zaidi kuiondoa ni kwamba vipimo vimeshathibitisha badiliko la ajabu. Mwaka 1954, Maurice Allais wa Ufaransa aliona pendulamu yake, uzito unaoning'inia na kubembea, ikigeuza mwelekeo wakati wa kupatwa. Baadaye alipata tuzo ya Nobel, lakini ya uchumi, kwa hiyo haiwezi kutetea pendulamu yake. Waliorudia jaribio hilo hawakukubaliana.

Kipimo kinachonivutia zaidi ni cha Mohe, kaskazini mwa China, Machi 1997. Gravimita, kifaa cha kupimia uvutano, ilionyesha uvutano ukishuka kwa mikrogali kati ya 5 na 7, mara mbili: karibu na mwanzo wa kupatwa, kisha karibu na mwisho. Katikati, jua lilipofichika kabisa, hakukuwa na mshuko huo. Kama mwezi ungekuwa unakinga uvutano, hapo ndipo tungetarajia athari kubwa kuliko zote! Baadaye wanafizikia walieleza kwamba hewa inayopoa chini ya kivuli husogea, na uzito wake unaosogea unaweza kuleta mshuko wa kiasi hicho. Shinikizo la hewa likipanda kwa hektopaskali 1 tu, gravimita husoma pungufu ya mikrogali 0.3 hivi. Ardhi ikiinuka sentimita 1, husoma pungufu ya mikrogali 3 hivi.

Mwaka 1999, gravimita nyeti sana ya Membach, Ubelgiji, haikuona lolote la ajabu.

Anayetaka kupima kwa haki aanze siku kadhaa kabla, aendelee siku kadhaa baada, arekodi joto na shinikizo pamoja na uvutano, kisha arudie yote mwezi unapoandama bila jua kupatwa.