Kwa nini mwenye skizofrenia hadanganywi na kinyago?

Je, wajua kuwa kuna kiinimacho kinachowanasa karibu watu wote wenye afya, lakini hakiwanasi wengi wenye skizofrenia, ugonjwa wa akili unaovuruga fikra na utambuzi? Kitazame kinyago cha uso wa mtu kwa upande wake wa ndani, ukiwa umesimama hatua chache. Pua, ambayo kwa kweli imebonyea, itaonekana imechomoza kama pua yoyote, na kinyago kikizungushwa polepole, uso huo utaonekana ukizunguka kinyume. Kuijua siri hakusaidii kitu.

Wengi hudhani kuwa skizofrenia ni kuona yasiyokuwepo, hivyo mgonjwa ndiye angetangulia kunaswa. Dhana hiyo ina kasoro. Maruweruwe ya ugonjwa huu huwa zaidi ya sauti kuliko ya picha. Tena, na hili ndilo kubwa, inachukuliwa kuwa mwenye afya huviona vitu jinsi vilivyo, ilhali kuona kwa kawaida kumejaa makisio, na mbele ya kinyago hiki makisio hayo ndiyo yanayopotosha.

Ubongo hufanana na chumba cha habari. Jicho, kama mwandishi aliye mtaani, huleta taarifa kwamba pua imezama. Mhariri, ambaye maisha yake yote hajapokea habari ya uso uliobonyea, hulifuta neno hilo na kuandika "imechomoza". Gazeti hutoka hivyo, na msomaji hajui kuwa kuna kilichofutwa. Kwa mwenye skizofrenia, sauti ya mhariri yaelekea kuwa hafifu, na habari huchapwa kama ilivyoletwa. Mwaka 2009, mtafiti Danai Dima na wenzake waliwapima kwa MRI, mashine inayopiga picha za ubongo, wagonjwa 13 na watu 16 wasio na ugonjwa: kwa hawa wa pili, mawasiliano yanayoshuka kutoka sehemu za juu za ubongo kwenda zile za kuonea yaliimarika walipotazama uso uliobonyea, kwa wagonjwa hayakuimarika.

Idadi hiyo ni ndogo, na dawa wanazotumia wagonjwa huweza kuchanganya matokeo. Wala mgonjwa hazisomi nyuso vizuri kuliko wengine: mara nyingi hupata shida kutambua hisia, hasa hofu, huyatazama macho na mdomo kwa uchache, na pengine huona tishio katika uso uliotulia tu. Isitoshe, kiinimacho hiki hudhoofika pia kwa walevi na kwa waliokesha bila usingizi, kwa hiyo kinyago hakifai kuwa kipimo cha ugonjwa.