Mzizi Mmoja, Sura Mbili: Kujifunza Msamiati wa Kiingereza Kupitia Kilatini

Wanafunzi wengi ninaowafundisha Kiingereza huja darasani wakiwa tayari wamekariri orodha ya mizizi ya Kilatini: *port* ni kubeba, *dict* ni kusema, *scrib* ni kuandika. Wameikariri vizuri, lakini wakikutana na neno geni katika makala ya sheria au ya sayansi bado wanakwama. Kwa maoni yangu kosa si la kumbukumbu yao. Orodha hizo kwa kawaida huupa kila mzizi sura moja tu, ilhali vitenzi vingi vya Kilatini viliingia katika Kiingereza vikiwa na sura mbili, wakati mwingine tatu, na asiyeijua sura ya pili hukosa sehemu kubwa ya ukoo wa neno.

Kiingereza chenyewe hakikuzaliwa na Kilatini. Kwa asili ni ndugu wa Kijerumani na Kiholanzi, na maneno yake ya kila siku, kama *water*, *house* na *eat*, yanatoka upande huo. Kilatini kiliingia kwa awamu: kwanza pamoja na Ukristo, kisha kupitia Kifaransa baada ya William wa Normandy kuiteka Uingereza mwaka 1066, na baadaye kwa mikono ya wanazuoni wa karne ya 16 na ya 17 waliochota maneno moja kwa moja vitabuni. Ndiyo maana neno moja huweza kuingia mara mbili. *Fragilis*, yaani chenye kuvunjika upesi, lilipitia Kifaransa likawa *frail*, kisha likakopwa upya likawa *fragile*. Hayo ya pili, yaliyotoka vitabuni, ndiyo yanayojaa katika maandishi rasmi, na ndiyo yanayonyambulika kwa utaratibu unaoweza kutabirika.

Utaratibu wenyewe ni huu. Kitenzi cha Kilatini *scribere*, kuandika, kilikuwa na shina la pili, *script-*, lililotumika kutaja jambo lililokwisha kutendwa. Kiingereza kilichukua vitenzi vyake vingi kutoka shina la kwanza na nomino zake kutoka shina la pili, kwa hiyo *describe* huzaa *description* na *prescribe* huzaa *prescription*. *Mittere*, kutuma, kina *mit-* na *miss-*, na kutoka hapo *admit*, *permit*, *submit* na *transmit* zote hupata nomino zenye *-mission*. *Ducere*, kuongoza, hutupa *reduce* na *reduction*. *Vertere*, kugeuza, hutupa *convert* na *conversion*. *Claudere*, kufunga, hutupa *exclude* na *exclusion*. Anayeziona sura mbili kwa pamoja hahitaji kujifunza *permission* kama neno jipya, wala hashangai kwa nini lina *s* mbili.

Faida nyingine iko katika tahajia. Wengi huniuliza watajuaje kama nomino inaishia kwa *-tion* au kwa *-sion*. Jibu limo katika shina la pili: likiishia kwa *t* tunapata *-tion*, likiishia kwa *s* tunapata *-sion*. Mara nyingi kivumishi chenye *-ive* hulifichua shina hilo waziwazi, kama tunavyoona katika *productive* na *production*, *attentive* na *attention*, *extensive* na *extension*.

Sura ya tatu hutokana na irabu. Kitenzi cha Kilatini kilipotanguliwa na kiambishi awali, irabu ya mzizi mara nyingi ilidhoofika. *Facere*, kufanya, hubaki na *a* yake katika *fact* na *factory*, lakini huwa *fec* katika *effect*, *defect* na *perfect*, na *fic* katika *efficient* na *deficient*. *Capere*, kushika, hufuata njia hiyohiyo: *captive*, *accept*, *recipient*. Anayetafuta *cap* pekee hatatambua kamwe kwamba maneno hayo matatu ni ya ukoo mmoja.

Upande wa viambishi awali, msemaji wa Kiswahili ana mwanzo mzuri kuliko anavyodhani. Tunasema nyumba nzuri lakini nyumba mbaya, kwa sababu *n* ya ngeli hugeuka *m* inapokutana na *b*. Kilatini kilifanya vivyo hivyo na kiambishi *in-* cha ukanushi: *inactive* na *incorrect*, lakini *impossible* na *imbalance*. Kiliendelea hata zaidi, kikapata *illegal* na *irregular*. Kiambishi *ad-*, chenye maana ya kuelekea, ndicho kinachojificha kuliko vyote, kwa kuwa *d* yake humezwa na konsonanti inayofuata: *affirm*, *attract*, *accept*. Chukua neno *accommodate*, ambalo hata Waingereza hulikosea. Ndani yake mna *ad-* iliyogeuka *ac-*, kisha *com-*, kisha *modus*, yaani kipimo. *C* ya pili ni mwanzo wa *com-*, *m* ya kwanza ni mwisho wake, na *m* ya pili ni ya *modus*. Ukilipasua hivyo mara moja, hutalikosea tena.

Mzizi hata hivyo hutoa dhana tu. Sentensi ndiyo inayoamua. Kuna *in-* nyingine isiyokanusha, yenye maana ya kuingia ndani, na kwa sababu hiyo *inflammable* ni kitu kinachoshika moto, si kisichoshika; kosa hapo ni la hatari. *Pedestrian* lina mguu wa Kilatini, lakini *pediatrician* lina mtoto wa Kigiriki. *Manufacture* lilimaanisha kutengeneza kwa mkono, na leo linahusu zaidi mashine.

Ninachowashauri wanafunzi ni kuanza na neno walilolikuta katika kusoma, kulitafuta katika kamusi inayoonyesha asili, kisha kuupa mzizi wake ukurasa wa daftari wenye mashina yote mawili juu. Chini yake yaandikwe maneno waliyokwisha kukutana nayo tu, kila moja na sentensi yake. Vitenzi vichache kama *facere*, *capere*, *mittere*, *ponere*, *ducere* na *tenere* vinatosha kwa muda mrefu. *Ferre*, kubeba, kiachwe hadi mtu azoee, maana mashina yake mawili, *fer-* na *lat-*, hayafanani hata kwa herufi moja. Ni hicho kinachofanya *refer* na *relate*, pamoja na *transfer* na *translate*, yastahili kuandikwa katika ukurasa mmoja.