Katikati ya Chicago ya zamani: picha zinavyotudanganya

Picha za zamani za Loop, katikati ya jiji la Chicago, hutuliza moyo: kofia, mikokoteni ya farasi, saa kubwa kwenye pembe ya duka. Nazipenda sana. Ila zimetuachia kumbukumbu zenye kasoro, na baadhi ya kasoro hizo zinawasahau waliokufa pale.

Dhana: Kabla ya motokaa, mitaa ilikuwa tulivu.

Foleni ziliitangulia motokaa. Ipo picha ya mwanzoni mwa karne ya 20, makutano ya mitaa ya Dearborn na Randolph, ambapo tramu, mikokoteni na waenda kwa miguu wamekwamana hata pa kupenya hapaonekani. Juu ya vichwa vyao, tangu 1897, treni zilipita kwenye nguzo za chuma. Chini ya barabara mahandaki ya karibu kilomita 100 yalipitisha vitreni vya umeme vilivyobeba mizigo, makaa ya mawe na majivu. Makaa hayo yalipaka majengo masizi, jambo ambalo picha isiyo na rangi haiwezi kulionyesha.

Dhana: Moto mkubwa wa 1871 ndio ulioua wengi zaidi, na jiji lililojengwa upya lilikuwa salama.

Waliokufa 1871 wanakadiriwa kuwa 300. Tarehe 30 Desemba 1903, ndani ya ukumbi mmoja wa maigizo, Iroquois, mtaa wa Randolph, walikufa zaidi ya 600. Ukumbi ulikuwa na wiki tano tu tangu ufunguliwe, na ulitangazwa kuwa haushiki moto kabisa. Kuta kweli zilisimama. Lakini cheche za taa ya jukwaani zilidaka mapazia, pazia la kuzuia moto likakwama njiani, na milango mingine ilikuwa imefichwa kwa mapazia au kufungwa kwa komeo ambazo watazamaji hawakuzijua. Ilikuwa likizo ya shule, onyesho la mchana. Wengi waliokufa walikuwa akina mama na watoto. Mwaka uliofuata jengo lilifunguliwa tena. Ukiona leo mlango wa ukumbi unaofunguka kwa kusukumwa nje, sehemu ya asili yake ni mchana ule.

Dhana: Maafa makubwa ya meli hutokea mbali, kwenye maji ya kina.

Meli ya abiria Eastland ilikuwa bado imefungwa gatini, kwenye mto unaopita katikati ya jiji, ilipopinduka asubuhi ya 24 Julai 1915. Ilijaa wafanyakazi na jamaa zao wakienda matembezini. Mashua za kuokolea maisha, zilizoongezwa baada ya Titanic kuzama, zilikuwa zimeizidishia meli uzito juu. Walikufa watu 844, hatua chache kutoka ukingoni, penye kina cha mita 6 hivi. Kuna nyumba ambazo hakubaki mtu hata mmoja.