Michirizi ya Fedha kwenye Mdimu

Uani kwetu Lamu, mdimu mmoja hutosha nyumba nzima: ndimu ya samaki, ya achari, ya kikohozi. Kwa hiyo majani machanga yakianza kujikunja na kuchorwa michirizi ya rangi ya fedha, watu huingiwa na hofu, na maneno huwa mengi.

"Konokono kapita." Sivyo. Ute wa konokono hukaa juu ya jani, ukiusugua kwa kidole unatoka. Mchirizi huu hautoki, kwa sababu uko ndani, chini ya ngozi ya jani. Liinue jani uliangazie jua: utaona njia iliyopindapinda, na katikati yake uzi mweusi. Uzi huo ni kinyesi cha kiwavi. Mamake ni nondo mdogo mno, mabawa yakitandazwa hayazidi sana milimita 4, tena huruka usiku na alfajiri, ndiyo maana hatumwoni. Hutaga yai mojamoja kwenye majani mapya. Kiwavi akianguliwa huzama ndani ya jani, na mwisho hukunja ukingo wake akajifunika humo hadi awe nondo. Asili yake ni Asia. Stainton wa Uingereza alimweleza kisayansi mwaka 1856, akamwita Phyllocnistis citrella.

"Mti umepigwa jicho." Haya niliambiwa na mzee ninayemheshimu. Sikumbishia. Nilichana jani, nikamwonyesha kiwavi mwenyewe, kadogo, ka manjano. Alinyamaza kidogo, kisha akaomba jani jingine.

"Utakufa huo, ukate." Hili ndilo huniuma zaidi, maana nimeona midimu mizima ikikatwa bure. Mti mkubwa huvumilia. Majani yaliyokomaa kiwavi hayataki. Hata yale yaliyojikunja usiyang'oe, kwani sehemu iliyobaki kijani bado inaulisha mti. Wa kuangaliwa kwa karibu ni mche, ambao majani yake karibu yote ni machanga.

"Piga dawa." Dawa nyingi za kupuliza hukaa juu ya jani, na kiwavi yuko chini ya ngozi. Wanaokufa ni nyigu wadogo wanaotaga mayai kwa viwavi hao, yaani walinzi wetu wenyewe. Afadhali upunguze mbolea ya kuchipuza majani wakati michirizi imezidi, na ukate machipukizi yanayotoka chini ya shina.

Wengine huogopa hata ndimu zake. Kiwavi huyu ni wa majani. Ndimu chuma, kamulia samaki.